Oili Safi Niliyoikataa

Mzee mwenye gereji alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua juu ili kila mtu aliyekuwa gerejini akione.

"Tazama," akasema kwa Kiswahili cha kule kwetu. "Oili iko safi. Maji kama naingia ndani ya oili, nakuwa kama maziwa. Hapa maziwa iko wapi?"

Kweli hayakuwepo. Oili ilikuwa nyeusi kama ya lori lolote la dizeli. Akadondosha tone moja juu ya bomba la moshi, ambalo bado lilikuwa la moto, tukasikiliza sote. Oili yenye maji ikiguswa na chuma cha moto hutatarika kama chumvi motoni. Tone lile lilitoa moshi kidogo tu, basi.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa injini, simu mkononi. Kwenye simu kulikuwa na majibu ya maabara ya Kampala, na majibu hayo yalisema kinyume cha kijiti na kinyume cha tone.

"Hii lori haitoki leo," nikasema.

Mafundi wakacheka. Mwenye lori hakucheka. Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara aliyetoka upande wa Kongo miaka mingi nyuma, akatulia Arua na kufungua duka la jumla la unga, sabuni na sukari. Lori hilo moja ndilo lililopeleka bidhaa zake Koboko, na kutoka Koboko hadi Oraba mpakani, ambako wateja wake wa Sudan Kusini walivuka kuzichukua. Siku hiyo lilikuwa limeshapakiwa mpaka juu. Mama alisimama mlangoni mwa gereji, mikono kaifumbata ndani ya kitenge, akamtazama mzee, kisha akanitazama mimi.

"Mi nauliza, gari inatoka ao haitoki?"

"Inatoka," mzee akasema.

"Haitoki," nikasema.

Niseme kwanza nilivyofika hapo, maana watu wengi wanadhani nilikuwa mkaidi tu wa kuzaliwa. Kwetu ni upande wa Kuluva. Nilisomea ufundi wa magari katika chuo ambako darasani tulikuwa wasichana wawili, na mwenzangu aliacha kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Koboko, katika shirika la misaada, kutunza magari na majenereta. Huko ndiko nilikofundishwa kuchukua oili kidogo kutoka kwenye injini inayofanya kazi vizuri kabisa, kuitia kwenye chupa safi na kuituma maabara. Oili huzunguka kila pembe ya injini na kubeba kila kinachosuguliwa na kila kinachovuja. Anayejua kuisoma anaujua ugonjwa kabla injini haijaanza kulia.

Lakini kujua na kusema ni mambo mawili. Siku moja yalikuja majibu ya jenereta la zahanati moja ya kule vijijini, jenereta lililokuwa likiendesha friji ya chanjo. Majibu yalionyesha dalili za maji ya rejeta ndani ya oili. Nilimpelekea mkubwa wangu, akasema tusubiri sampuli nyingine, jenereta linanguruma vizuri. Nilijua hatupaswi kusubiri. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa mgeni, kwa sababu nilikuwa msichana, kwa sababu kila mtu mezani alikuwa ameshageukia jambo jingine. Baada ya wiki chache jenereta lilikwama, kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ikiwa imeliwa, na chanjo zote zikaharibika. Nilikwenda mimi mwenyewe kulitazama. Muuguzi alikuwa akitoa vichupa kwenye friji na kuvipanga ndani ya boksi la kutupa, kimoja kimoja. Akina mama waliotembea kutoka mbali walikuwa wamekaa kwenye benchi na watoto wao mapajani, hawajaambiwa bado.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kama kungekuwa na mtu wa kunilaumu, ningejitetea. Nilitoka pale nikiwa nimeapa jambo moja tu, kwamba sitanyamaza tena mbele ya injini.

Mradi wa shirika ulipokwisha nilihamia Arua, nikapata kazi katika gereji ya yule mzee, kando ya barabara ya kwenda Koboko. Alikuwa mtu wa Koboko, mtoto wa mwanajeshi, na ufundi aliurithi kwa baba yake katika karakana za jeshi. Mikono yake ilikuwa inajua. Sitamvunjia heshima: aliweza kufumba macho, akasikiliza injini na kukwambia valvu ya silinda gani imelegea. Alinipokea kwa sababu nilijua mambo ya umeme wa magari mapya, ambayo yeye hakuyapenda. Nilikuwa mwanamke pekee pale.

Mama mwenye lori nilimshawishi taratibu. Kwanza nilimwomba aache kujaza rejeta maji ya mtoni, atumie kulanti, yaani yale maji ya rangi yenye dawa ya kuzuia kutu. Mzee alisema huo ni uzungu. Mama akakubali, kwa kuwa rejeta yake ilikuwa imeziba mara mbili mwaka ule. Kisha nikamwomba aniruhusu nitume oili Kampala kila inapokaribia kubadilishwa. Nilikuwa nachomeka mrija mwembamba mahali pa kijiti, injini ikiwa imezimwa sasa hivi na oili ingali moto, nikavuta kwa pampu ya mkono mpaka chupa ndogo ikajaa. Nikaandika kilomita, nikafunga, nikaipeleka stendi kwenye basi la Kampala. Mafundi waliponiona na vile vichupa wakanipa jina: dokta ya mkojo. "Dokta ya mkojo, leo nani mgonjwa?" Wakaanza hata wateja. Niliitika. Nilijua kuwa nikinuna mara moja tu, jina litanata milele. Niliitika, nalo likanata vilevile, lakini angalau halikunizuia kufanya kazi.

Chupa ya kwanza ilirudi na majibu mazuri. Ya pili pia. Ya tatu ndiyo iliyonipandisha damu. Sodiamu ilikuwa imepanda, na potasiamu imepanda pamoja nayo, na shaba, ile ya kwenye beringi, imeanza kunyanyuka nyuma yao. Hizo mbili za kwanza ndizo zilizomo katika dawa ya kulanti. Hazina kazi nyingine ndani ya oili ya lori lile. Nilihakikisha: nilikuwa nimetuma chupa ya oili mpya ya pipa lilelile, na ndani yake hazikuwemo.

Maana yake ilikuwa rahisi. Maji ya rejeta yalikuwa yakipenya kwenye oili, matone tu, na joto la injini lilikuwa likiyageuza mvuke kabla hayajafanya ule uji mweupe aliokuwa akiutafuta mzee. Maji yalikuwa yanaondoka. Dawa yake ilikuwa inabaki. Na mabaki ya kulanti, yakishapikwa ndani ya oili, hula beringi kimyakimya. Siku uji mweupe utakapoonekana kwenye kijiti, wakati wa kuokoa injini utakuwa umeshapita.

Haya yote niliyaeleza siku ile, mbele ya mama na lori lake lililopakiwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo namshukuru. Kisha akasema, "Binti, mimi nafanya hii kazi kabla wewe nazaliwa. Kampala naona nini? Hii gari iko Arua. Sisi tuko naye hapa."

Akaamua kuwaondolea wote wasiwasi. Akafunga pampu ya upepo kwenye mdomo wa rejeta iliyokuwa imeshapoa, akapampu mpaka mshale wa geji ukapanda, akaagiza chai. Tukakaa tukautazama mshale. Kama kuna uvujaji, upepo ungetoroka na mshale ungeshuka. Chai ikanywewa ikaisha. Mshale ulikuwa palepale, kama umepigiliwa msumari.

"Mama, peleka gari," mzee akasema.

Wote walikuwa wananitazama, na sikuwa na kitu cha kuwaonyesha isipokuwa namba kwenye simu. Lakini nilikuwa nimesimama hivyo hivyo mbele ya mkubwa wangu kwa ajili ya lile jenereta, nikiwa na karatasi tu, na karatasi ndiyo iliyokuwa imesema kweli.

"Tumepima ikiwa baridi," nikasema. "Hii inavuja ikiwa moto. Chuma kikipata moto kinafunguka. Nipe kipoza oili nikitoe, nikipime kikiwa moto."

Kipoza oili ni kile kisanduku cha ubavuni mwa injini ambamo oili na maji hupita jirani, vikitenganishwa na bati jembamba tu. Kukitoa ni kazi ya saa kadhaa, na lori lilikuwa linasubiriwa Oraba.

"Hapana," mzee akasema. "Mimi sifungui injini mzima kwa sababu ya simu."

Nikaenda nikafungua waya wa betri ya lori. Nikachukua chaki tuliyokuwa tukitilia alama matairi, nikapanda bampa na kuandika kwenye kioo cha mbele, kwa herufi kubwa: USIWASHE. Nikashuka.

"Gari ni ya mama," nikasema. "Akitaka kufuta, afute yeye. Mzee, wewe usifute. Na atakayefuta ajue mimi nilikataa."

Mzee alikuwa na rangi ya mtu aliyepigwa kofi mbele ya wajukuu zake. Mama alitembea mpaka mbele ya lori, akasoma lile neno.

"Binti," akasema bila kugeuka, "kama uko unanidanganya, usikanyage tena mbele yangu. Kama mutu wa mpakani anapoteza imani na miye, hairudi."

"Sikudanganyi, mama."

Hakufuta. Akakodi lori jingine, na mizigo ikahamishwa gunia kwa gunia mbele ya macho yangu, kwa muda wote wa mchana uliobaki. Hakuna aliyenisemesha. Nami sikujificha. Nilikaa pale pale kwenye kreti, nikawatazama wanavyobeba.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta dereva wa lori akinisubiri nje ya geti. Alikuwa mtu mzima wa Midia, baba wa watoto wengi, mpole, mwenye kuosha kioo chake kila anaposimama. Jana yake nilikuwa nimemuuliza mbele ya watu kama amewahi kuongeza maji kwenye rejeta, akasema hapana.

"Sista," akasema, akiangalia viatu vyake. "Mimi naongeza maji."

"Wapi?"

"Koboko. Kila safari. Kikombe moja, saa ingine mbili. Na ile kifuniko ya rejeta, ndani iko na mafuta kidogo. Mimi napangusa na kidole."

"Kwa nini hukusema?"

"Dereva ya kwanza, kabla yangu, injini nachemka naye, mama nafukuza yeye. Mimi naogopa."

Nilikasirika, na hasira ikaisha hapo hapo. Mimi pia niliwahi kunyamaza kwa sababu ya kuogopa, na mtu huyu hakuwa amekalia karatasi ya maabara. Nilimwambia jambo moja tu: "Twende ukamwambie mama. Mimi nitasimama na wewe."

Tulikwenda dukani kwake. Dereva alisema yote akiwa ameshika kofia. Mama alimsikiliza, akafumba macho kidogo. Nikasema kabla hajasema, "Mama, ukimfukuza huyu, anayekuja ataficha zaidi." Sikuwa nimeombwa ushauri, na uso wake ulinionyesha hivyo. Lakini hakumfukuza. Alijifunga kitenge, akafunga duka, akaja na sisi mpaka gerejini kwa miguu yake.

"Toa ile sanduku," akamwambia mzee. "Gari ni yangu. Toa."

Nilikitoa mimi. Niliziba tundu moja la oili kwa kibati na raba, nikafunga mpira wa kompresa kwenye la pili, njia za maji nikaziacha wazi, nikakizamisha kwenye pipa la maji baridi. Nikafungulia upepo. Hakuna kitu. Hata povu la kusingizia halikuwepo. Fundi mmoja akakohoa ili asicheke.

"Weka moto," nikasema.

Tulikuwa tumelikatia pipa lile miguu ya chuma ili tuchemshie vyuma. Nikachochea kuni chini yake. Maji yakaanza kutoa moshi, yakaanza kuimba pembeni, na kipoza kikakaa kimya ndani yake. Mama alivuta kreti akaketi karibu, jicho ndani ya pipa. Mzee alikuwa akijifanya ana kazi kwenye gari jingine, lakini spana aliyoishika haikuwa ikigeuka.

Povu la kwanza lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Nilidhani ni maji yanaanza kuchemka. Likaja la pili mahali palepale, penye maungio ya bati la tatu, halafu la tatu, halafu ukawa mstari, uzi mwembamba wa mapovu unaopanda bila kukatika. Nikafunga upepo: uzi ukakatika. Nikafungua: ukapanda tena.

"Mama, umeona?" nikasema.

"Naona," akasema. "Na macho yangu mwenyewe naona."

Mzee alikuja. Aliinama juu ya lile pipa kwa muda mrefu, mvuke ukimpiga usoni. Akanyoosha mkono mwenyewe, akafunga upepo, akafungua, akafunga.

"Ilikuwa bado kupasuka," akasema mwishoni.

"Ndiyo, mzee. Nilitaka tuikamate ikiwa bado."

Tulishusha karta ya oili, lile bakuli la chini ya injini, na kukagua beringi za kranki. Zile za mbele zilikuwa sawa. Mbili za nyuma zilikuwa zimefifia, ngozi yake imeanza kuwa na vishimo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kranki yenyewe ilikuwa nzima, inang'aa. Nilipitisha kucha juu yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tukabadilisha kipoza na beringi, tukasafisha njia zote za oili, na siku ya nne lori likaenda Oraba. Kabla halijatoka, dereva alichukua kitambaa chake akafuta ile chaki kwenye kioo. Alikisugua mpaka kisibaki hata kivuli cha herufi.

Ningependa kusema kwamba mambo yalikwisha hapo kwa kupeana mikono. Wiki iliyofuata nilimsikia mzee akimhadithia mteja jinsi alivyougundua uvujaji kwa kuchemsha kipoza kwenye pipa. Mafundi wote walikuwepo. Wote walijua. Waliendelea kukaza bolti zao.

Niliweka chini nilichokuwa nimeshika. "Mzee," nikasema kwa sauti, "wewe ulisema oili iko safi. Mimi ndiye niliyesema haiko safi."

Aliniita pembeni baadaye, akaniambia nimemwaibisha, niombe radhi. Nikamwambia nitaomba radhi kwa vile nilivyopaza sauti mbele ya mteja, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu na sauti haikuwa ya adabu. Kwa maneno yenyewe sitaomba, maana yalikuwa ya kweli. Alitaka yote au hakuna. Basi ikawa hakuna. Kwa wiki mbili hakunipa gari hata moja. Nilikuja kila siku asubuhi, nikavaa ovaroli, nikakaa. Nilifagia mahali pangu. Sikutaka aseme niliondoka mwenyewe kwa hasira. Wiki ya tatu mama alileta lori kwa huduma ya kawaida, akasimama katikati ya gereji na kusema kwa sauti, "Nataka ule mwanamuke. Mwingine asiguse." Mzee alinipa lile lori. Salamu tulirudia kupeana. Urafiki, hapana.

Mwaka huo huo nilihamia Koboko, nikakodi banda kwenye barabara ya kwenda Oraba, mahali ambapo malori husimama kusubiri karatasi za mpakani. Jina la dokta ya mkojo lilifika kabla yangu. Sijalipaka kwenye ukuta, ila nikiitwa naitika.

Sitasema sijawahi kukosea. Kuna lori moja nililizuia kwa siku mbili kwa sababu ya sodiamu, kumbe dereva alikuwa ameongezea oili ya kampuni nyingine iliyokuwa nayo tayari ndani yake. Nilimwendea mwenyewe, nikamwambia nimekosea na kwa nini nimekosea. Alinitukana vya kutosha. Nilivumilia, maana hayo yalikuwa halali yangu. Tangu siku hiyo natuma Kampala kila aina ya oili ninayokutana nayo, na sodiamu peke yake, bila mwenzake potasiamu, hainitoshi tena. Lakini kukosea mara moja hakukunifundisha kunyamaza. Kulinifundisha kuuliza swali moja zaidi.

Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara wa karanga na pikapu yake. Aliegesha, akashuka, akatazama ndani ya banda, akanipita kwa macho kama anavyopita kiti.

"Fundi iko wapi?"

"Ni mimi."

Alicheka kidogo kwa heshima. "Hapana, fundi mwenyewe."

"Ni mimi mwenyewe."

Akasema atasubiri. Nikampa kiti. Alikaa akisubiri mwanamume atokee, na mimi nikaendelea kufunga hedi, yaani kichwa cha injini, ya gari la mtu, bolti moja baada ya nyingine. Walipita madereva wawili, kila mmoja akaacha chupa yake ya oili mezani, akaandika kilomita, akaenda. Aliwatazama. Jua lilihama, likamfikia miguuni, akasogeza kiti. Mwishowe akainuka, akaenda kwenye pikapu, akafungua boneti mwenyewe na kusimama pembeni yake akinitazama.

Nilimaliza kwanza bolti zilizobaki. Kisha nikafuta mikono, nikamwendea.